Chanjo ya HPV Mbotela: Sindano Iko Kliniki, Msichana Yuko Darasani

Tarehe 18 Oktoba 2019, katika Shule ya Msingi ya Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, Rais Uhuru Kenyatta alizindua chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 10 kote nchini. Lengo lilikuwa kuwafikia wasichana wapatao 800,000. Kila mmoja alitakiwa kuchomwa sindano mbili, ya pili miezi sita baada ya ya kwanza. Aliyepata ya kwanza wiki ile, zamu yake ya pili ingefika Aprili 2020. Katikati ya Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya Korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Kundi la kwanza la wasichana wa mpango huo wa kitaifa likakatiziwa njia, na aliyelikatizia hakuwa mhubiri wala ujumbe wa WhatsApp.

Naanza na kalenda hiyo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu HPV yana mazoea mabaya. Ukiuliza kwa nini wasichana wengi hawajakamilisha chanjo, jibu la haraka ni kwamba wazazi wamejaa uvumi. Uvumi upo, na nitaufikia. Ila ukiupa uvumi lawama yote, unampa mzazi mzigo ambao sehemu kubwa ni ya waliopanga mradi wenyewe.

Mbotela ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Ni mtaa wa nyumba za Kaunti huku Eastlands, Nairobi, jirani na Makongeni, Kaloleni na Maringo, uliopewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi Novemba 1952. Nyumba ni zile za enzi za Baraza la Jiji, chumba kimoja au viwili, na nje ya nyingi zimeota nyongeza za mabati ambamo wapangaji wengine wanaishi. Kwa miguu au kwa matatu moja unafika Kituo cha Afya cha Makadara, Kituo cha Afya cha Jericho, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani au, ukienda mbali kidogo, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Msichana wa Turkana akikosa chanjo utasema ni umbali. Msichana wa Mbotela akiikosa, umbali si jibu. Jibu ni kwamba tuliweka sindano kliniki, na msichana wa miaka 10 mwenye afya njema hana shughuli kliniki. Yuko darasani. Hiyo ndiyo hoja yangu katika makala haya, pamoja na nyingine inayokwenda nayo sako kwa bako: kila tunapomfikia binti tunampita mama yake, ambaye hatari yake ni ya leo.

Kwanza virusi vyenyewe. HPV ni jamii ya virusi vya aina zaidi ya 200. Vingi havina madhara makubwa. Vingine huleta vinundu sehemu za siri. Na aina zipatazo 14 zinaweza kuleta saratani. Mbili kati ya hizo, namba 16 na 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Vinaambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana, kwa hiyo kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa yote. Karibu kila mtu anayejamiiana huvipata wakati fulani maishani, awe na wapenzi wengi au mume mmoja wa ndoa ya kanisani. Hilo lingefaa kusemwa wazi kila mahali, maana ndilo linaloondoa aibu. Kwa watu wengi mwili wenyewe huvifukuza ndani ya miaka miwili bila mtu kujua kama aliwahi kuwa navyo. Kwa wachache vinabaki, vinachezea seli za mlango wa kizazi polepole, na baada ya miaka 15 au 20 seli hizo zinageuka saratani. Kwa mwanamke anayeishi na Virusi vya Ukimwi safari hiyo ni fupi zaidi, na hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya mwenzake asiye navyo.

Miaka hiyo 15 au 20 ni neema na ni mtego pia. Ni neema kwa sababu inatoa nafasi ndefu ya kuzuia na kugundua. Ni mtego kwa sababu muda wote huo hakuna maumivu. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu, mgongo unaouma usiku, hizo mara nyingi ni dalili za ugonjwa uliokwishakomaa. Kwa makadirio ya miaka ya karibuni, Kenya hupata wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 kwa mwaka na hupoteza wanawake zaidi ya 3,000, yaani wapatao tisa kila siku. Duniani, mwaka 2022 walikufa takriban 350,000, na idadi kubwa mno kati yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Umri wao ndio unaouma zaidi: wengi ni kina mama wenye watoto ambao bado wanasoma. Familia inayoishi kwa kibanda cha mboga au kwa kufulia watu nguo, mama akilala hospitalini miezi mitatu, mara nyingi mtoto mkubwa wa kike ndiye anayeacha shule.

Kinga ya ugonjwa huu ilitokana na kazi ya miaka mingi. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha kwamba HPV husababisha saratani hii, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Huko Australia, Ian Frazer na Jian Zhou walipata njia ya kutengeneza ganda tupu la virusi: umbo la nje tu, bila kitu ndani cha kuzaliana. Chanjo ni ganda hilo. Mwili unaliona, unadhani umevamiwa, unatengeneza askari wake na kuwaweka tayari. Haiwezi kumwambukiza mtu HPV kwa sababu hakuna virusi ndani yake. Lakini pia haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, na ndiyo sababu inatolewa mapema, kabla ya msichana kukutana na virusi. Iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Ile iliyoletwa Kenya hukinga dhidi ya aina nne, zikiwamo 16 na 18.

Je, inafanya kazi? Swali hili halina tena mjadala wa maana. Uingereza, watafiti waliwafuatilia wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, wakakuta saratani ya mlango wa kizazi imepungua kwa asilimia 87 wakilinganishwa na waliotangulia kabla ya chanjo. Scotland, taarifa iliyochapishwa Januari 2024 haikukuta hata mwanamke mmoja mwenye saratani hiyo miongoni mwa waliochanjwa katika umri huo. Hata mmoja. Kwa mtu aliyewahi kumsindikiza ndugu yake kwenye foleni ya mionzi, hizo si takwimu za kupita juu juu.

Msomaji wa Eastlands ana haki ya kuuliza: hizo ni habari za Wazungu, sisi je? Hapa ndipo penye sehemu ya hadithi ambayo Wakenya wengi hawajasimuliwa, na inapaswa kusimuliwa kwa fahari.

Kuanzia Desemba 2018, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao wa nje, waliandikisha wasichana na wanawake vijana 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 huko Thika, Kisumu na Nairobi. Miongoni mwa walioongoza walikuwa Nelly Mugo na Elizabeth Bukusi wa KEMRI, pamoja na Ruanne Barnabas. Utafiti uliitwa KEN SHE. Swali lao lilikuwa jepesi kulisema na zito kulijibu: je, sindano moja tu inatosha? Baadhi walipewa chanjo ya HPV, wengine wakapewa chanjo ya uti wa mgongo, kisha wakafuatiliwa. Baada ya miezi 18, sindano moja ilikuwa imezuia maambukizi ya aina 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Matokeo yalichapishwa Aprili 2022. Walipoendelea kufuatiliwa hadi miaka mitatu, kinga ilikuwa bado imesimama imara.

Upande wa pili wa Ziwa Viktoria, Mwanza, utafiti uitwao DoRIS uliandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 na kupima damu yao. Waliopata sindano moja walikuwa bado na kinga mwilini miaka miwili baadaye, karibu wote. Mwezi uleule wa Aprili 2022 kamati ya wataalamu wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani ilikubali kwamba dozi moja inaweza kutumika, na Desemba mwaka huo shirika likatoa mwongozo rasmi. Nchi nyingi zimebadilisha ratiba zao tangu hapo. Tanzania, iliyoanza chanjo hii kitaifa Aprili 2018, ilihamia dozi moja Aprili 2024. Kwa hiyo binti wa Amerika Kusini au Asia anayechomwa sindano moja badala ya mbili anafaidi ujasiri wa wasichana wa Thika, Kisumu, Nairobi na Mwanza. Kenya yenyewe, ambako ushahidi ulizaliwa, ilihamia dozi moja Oktoba 2025, kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14. Miaka mitatu na nusu ilipita kati ya matokeo na uamuzi. Kwa maoni yangu ni mingi mno, maana katika miaka hiyo tuliendelea kuwahesabu wasichana wa dozi moja kama walioshindwa kumaliza.

Dozi ya pili ndiyo iliyokuwa kisiki. Fikiria ratiba ya mtoto wa Nairobi. Anazaliwa, anapewa kijitabu cha kliniki, na mama anakitunza kama cheti cha ardhi: kifua kikuu, polio, kichomi, surua. Chanjo ya pili ya surua ni miezi 18. Baada ya hapo kijitabu kinalala chini ya godoro au kwenye sanduku, familia inahama ploti, bomba linapasuka, kinaloa, kinapotea. Miaka minane na nusu baadaye serikali inamtaka mama yule yule amkumbuke binti, ampeleke kliniki, kisha amrudishe tena baada ya miezi sita. Kliniki hufunguliwa siku za kazi. Mama wa Mbotela anayeuza mitumba Gikomba au anayefanya kibarua cha siku viwandani huondoka alfajiri, na siku asiyokwenda hailipwi. Mtoto anayeugua atampeleka. Asiyeugua atasubiri hadi kesho, na kesho ina kodi ya nyumba.

Kenya ilikuwa imejaribu njia nyingine. Kuanzia 2013, Kaunti ya Kitui ilifanya mradi wa majaribio ambapo wahudumu walikwenda shuleni na sindano. Ilipofika zamu ya taifa zima mwaka 2019, uzito uliwekwa kwenye vituo vya afya, takriban 9,000 nchini, na shule zikawa mahali pa kutembelewa pale nafasi ikiruhusu. Naelewa sababu: kutoka nje ya kituo kunataka gari, mafuta, posho, na muuguzi ambaye foleni yake kituoni haimsubiri. Lakini tazama Rwanda. Mwaka 2011 ilianza kuwachanja wasichana kupitia shule, wale wasiosoma wakatafutwa na wahudumu wa afya vijijini, na mwaka ule ule wa kwanza ikawafikia zaidi ya asilimia 90. Rwanda haikuwa na pesa kuliko sisi. Iliamua kwamba chanjo ndiyo itakayomfuata mtoto.

Kwa Eastlands kuna jambo la ziada. Si watoto wote wako shule za serikali. Ndani na pembeni ya mitaa hii kuna shule ndogo za kibinafsi, nyingine ni vyumba vinne vya mabati vyenye walimu watano na mwalimu mkuu ambaye ndiye mwenye shule. Mpango ukitengenezwa kutoka kwenye orodha ya shule za umma, hizi zinaachwa. Anayezijua zote ni mhudumu wa afya ya jamii anayepita mlango kwa mlango, anayejua kwamba nyuma ya kanisa fulani kuna darasa la nne lenye wasichana kumi na mmoja. Serikali iliwapa wahudumu hawa vifaa na posho mwaka 2023. Kazi yao ya kwanza kuhusu HPV iwe hiyo ya kuhesabu: nani ana binti wa miaka 10 hadi 14, na binti huyo anasoma wapi.

Tendo lenyewe ni fupi. Muuguzi anafika na kasha la baridi lenye barafu pembeni, kwa sababu dawa lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Anatoa kichupa kidogo na kukitazama kwanza: juu yake kuna alama ya mraba ambayo hubadilika rangi ikiwa dawa ilipata joto kupita kiasi. Alama ikiwa salama, anavuta nusu mililita na kumchoma msichana kwenye msuli wa mkono, karibu na bega. Halafu anamwambia akae dakika 15. Kukaa huko kuna maana: wasichana wa umri huu huzimia kwa hofu ya sindano, na akizimia akiwa amesimama anaweza kujigonga. Mmoja akizimia mbele ya wenzake bila maelezo, kabla ya jioni mtaa mzima una habari kwamba chanjo imeangusha mtoto. Mkono unauma siku moja au mbili, wengine wanapata homa kidogo. Basi.

Sasa hofu. Maneno yanayosikika kwenye mlango wa kliniki yanakwenda hivi:

"Sista, huyu wangu bado mtoto. Mbona mnamharakishia mambo ya watu wazima?"

"Mama Njeri, ndiyo sababu tunamtaka sasa. Mwili wa mtoto unaipokea vizuri kuliko wa dada wa miaka 20, na bado hajakutana na virusi."

"Na wavulana je? Kwa nini wasichana peke yao? Mnataka wasizae?"

Swali la mwisho halikutoka hewani. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, wakidai ina homoni ya kuzuia mimba; serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Mwaka 2019 chama cha madaktari Wakatoliki kikapinga na hii ya HPV. Mama anayesikia daktari akipingana na daktari hawezi kuitwa mjinga kwa kusitasita. Anastahili kujibiwa kwa hoja.

Hoja zipo. Kufikia 2017 dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimesambazwa duniani, na kamati ya usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani ilizipitia taarifa zake na kuiona salama mno, bila uhusiano na utasa. Wasichana wa Rwanda waliochanjwa 2011 sasa ni wanawake wazima, na wapo wanaolea. Ukitaka kujua kinachomnyima mwanamke kizazi, ni saratani yenyewe: matibabu yake mara nyingi ni kuondoa mfuko wa uzazi au kuuchoma kwa mionzi. Mama anayeogopa binti yake asije akakosa watoto ana sababu zaidi ya kuitaka chanjo hii.

Kuna hofu nyingine, ile ya kwamba chanjo itampa binti ruhusa. Nimeisikia ikisemwa kwa uchungu wa kweli na wazazi wanaojitahidi kulea katika mtaa mgumu, na siwezi kuidharau. Lakini binti wa miaka 10 anayechomwa sindano haambiwi chochote kuhusu wanaume. Anaambiwa ni chanjo. Akikua akajitunza hadi ndoa, bado anaweza kuvipata virusi kwa mume aliyeishi tofauti kabla yao. Na tusijidanganye kuhusu hali ilivyo: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, na miongoni mwa hao wako waliobakwa na kulaghaiwa. Kumkinga mtoto mapema ni kumkinga pia na uovu wa wengine.

Kosa letu waandishi na wahamasishaji ni kuiita chanjo ya saratani na kunyamaza hapo, kwa kuona haya kutaja virusi vinapitia wapi. Mzazi akija kuambiwa na mtu mwingine kwamba ni virusi vya zinaa, anaona alifichwa. Kuanzia hapo hata ukweli anautilia shaka. Afadhali kusema yote siku ya kwanza, kwa heshima, kwenye mkutano wa wazazi au kwenye chama cha kina mama Jumapili alasiri, mbele ya muuguzi anayeweza kuulizwa lolote.

Kuhusu wavulana jibu ni fupi. HPV huwaletea wanaume saratani za koo, uume na njia ya haja kubwa, na Uingereza na Australia huwachanja. Sisi tumeanza na wasichana kwa sababu dozi zilikuwa chache duniani na mzigo mkubwa wa vifo uko kwa wanawake. Wasichana wengi wakichanjwa, wavulana nao hupata kinga ya kivuli. Siku pesa zikiruhusu, nao wapewe.

Nije kwa mama. Tuseme kesho kila msichana wa Mbotela wa miaka 10 anachanjwa. Faida kubwa itaonekana kwenye hesabu za vifo baada ya miaka 20 na zaidi. Mama yake, mwenye miaka 35 au 40, hakupata chanjo hiyo akiwa mdogo kwa sababu haikuwapo. Yeye kinga yake ni kupimwa, na Kenya wanawake waliowahi kupimwa mlango wa kizazi hawafiki mmoja kati ya watano. Vipimo si vya kutisha. Kimojawapo ni siki, jamaa ya ile ya jikoni: muuguzi anapaka siki iliyochanganywa na maji kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja, na mahali penye seli zilizobadilika panageuka peupe. Akiona weupe usio mpana, anaweza kupatibu siku ileile kwa joto au baridi kali, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kipimo cha HPV chenyewe ni bora zaidi, na mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani kwa kijibrashi, jambo linaloondoa sababu kubwa ya wengi kukwepa: kulazwa kitandani miguu imetanuliwa mbele ya mtu asiyemjua.

Linganisha dakika hizo na safari ya aliyechelewa: wiki za mionzi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, nauli ya kila siku, dawa, makaratasi ya bima ya afya ya SHA, mtu wa kumsindikiza ambaye naye hafanyi kazi siku hizo. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 2020 mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huu, liliweka malengo matatu ya mwaka 2030 yanayokwenda pamoja: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kufikia miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo cha uhakika kufikia miaka 35 na tena kufikia 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Kwetu la kwanza lina rais, kamera na uzinduzi. La pili limeachiwa mwanamke akumbuke mwenyewe. Sehemu moja lilipofanywa vizuri ni kwenye kliniki za wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, ambako kupimwa kuliunganishwa na kuchukua dawa. Kliniki nyingi za aina hiyo zilitegemea fedha za Marekani, na fedha hizo zilipokatwa mwaka 2025 wanawake wenye hatari mara sita ndio walioguswa kwanza.

Kwa hiyo siku muuguzi anapokwenda shule ya Mbotela na kasha lake, barua inayomfikia mzazi iwe na mistari miwili: binti yako atachanjwa Jumanne, na wewe unakaribishwa kupimwa Jumamosi hiyo kituo cha afya, asubuhi, usipoteze siku ya kazi. Mama anayesoma kwamba jambo hili linamhusu yeye pia hana sababu ya kudhani kuna njama dhidi ya mtoto wake.

Pesa nazo zina tarehe. Chanjo hii imekuwa ikilipiwa kwa sehemu kubwa na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, na Kenya iko njiani kubeba gharama yote yenyewe kufikia mwisho wa muongo huu. Katikati ya 2025 tulionja hatari hiyo, kliniki zilipokosa chanjo za watoto wachanga za kifua kikuu na polio. Ikiwa hizo zinaweza kukosekana, ya HPV itakosekana mapema zaidi, kwa sababu msichana wa miaka 10 halii mlangoni. Dozi moja badala ya mbili imepunguza gharama ya dawa karibu nusu. Nusu iliyookolewa ndiyo ya kumnunulia muuguzi mafuta ya kufika shuleni.

Wamebaki wale wa kalenda niliyoanza nayo. Msichana aliyechomwa sindano moja Oktoba 2019 na kukosa ya pili kwa sababu ya Korona, kwa ushahidi wa leo ana kinga, isipokuwa akiwa anaishi na Virusi vya Ukimwi, ambaye huhitaji zaidi ya moja. Aambiwe hivyo, kwa sababu wengi bado wanajiona hawakumaliza. Ambaye hakupata hata moja, na sasa amevuka miaka 14, ametoka kwenye orodha ya bure. Akitaka chanjo ataitafuta hospitali ya kibinafsi na kulipa maelfu ya shilingi ambayo familia ya nyumba ya Kaunti haina. Umri wake ni miaka 15, 16, 17, umri uleule wa wasichana 2,275 waliotumika kuthibitisha kwamba dozi moja inatosha, na wote walikuwa wameshaanza kujamiiana walipochanjwa. Kwa mwaka mmoja tu Wizara ya Afya ingeweza kufungua mlango kwa walioachwa, kuanzia shule za upili za kutwa za Eastlands, ambako wako pamoja na wanajulikana kwa majina.